Kutoka Kongo hadi Pittsburgh: historia ya filamu iliyowazaa mazombi wote

Katika makala zetu tumezoea historia ya vita, mipaka na mikataba. Leo naomba tuongee historia ya muvi. Najua kuna atakayesema muvi ni starehe tu, haina historia. Subiri kwanza ufike mwisho.

Kila kijana hapa anamjua zombi. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukuigizia: anakokota mguu, ananyoosha mikono, anakoroma. Muulize zombi anauawaje, atakujibu bila kufikiri: mpige kichwani. Na akikung'ata? Basi na wewe unageuka. Sheria hizi tumezikuta kwenye sizoni ya The Walking Dead, kwenye gemu ya Resident Evil, kwenye Train to Busan ya Wakorea. Lakini nani aliziweka? Jibu ni kikundi cha marafiki wa mji wa Pittsburgh, Marekani, ambao hawakuwa na hela na hawakuwahi kutengeneza filamu ndefu hata moja. Filamu yao inaitwa Night of the Living Dead, yaani Usiku wa Maiti Walio Hai. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini kwao tarehe 1 Oktoba 1968.

NENO LILITOKA UPANDE WETU

Kabla ya Pittsburgh kulikuwa na Haiti, na kabla ya Haiti kulikuwa na Kongo. Wataalamu wengi wanalihusisha neno zombi na lugha za eneo la Kongo, hasa Kikongo, ambako Nzambi ni jina la Mungu. Nyinyi mnaoongea Lingala mnasema Nzambe, kwa hiyo mnasikia wenyewe undugu wake. Wengine wanalihusisha na maneno mengine ya eneo hilohilo yenye maana ya mzimu. Vyovyote iwavyo, lilivuka bahari ndani ya meli za watumwa. Watu walikamatwa, wakauzwa pwani ya Atlantiki, wakapelekwa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, kulima miwa na kahawa. Walikufa wengi kwa kazi na mateso, na wengine wakaletwa kujaza nafasi zao.

Huko Haiti ikakua imani kwamba mchawi anaweza kumtoa mtu kaburini na kumfanya afanye kazi bila akili yake, bila kulalamika, bila mwisho. Sasa angalia vizuri. Zombi wa Haiti hali watu. Wahaiti hawakuogopa sana kukutana na zombi. Waliogopa kufanywa zombi. Mtumwa alikuwa na tumaini moja, kwamba siku akifa atapumzika. Hadithi hii inamwambia kuna watu ambao hata kifo hakiwatoi shambani. Mimi nikifikiria hivyo naona hofu hiyo ni nzito kuliko meno ya zombi yeyote wa kwenye muvi.

Watumwa wale waliasi mwaka 1791, wakapigana miaka mingi, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikatangaza uhuru. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1915, jeshi la Marekani liliivamia nchi hiyo na kuikalia hadi 1934. Katika kipindi hicho mwandishi Mmarekani William Seabrook alitembelea Haiti na mwaka 1929 akatoa kitabu kinachoitwa The Magic Island. Ndicho kilichowazoesha Wamarekani neno zombi. Mwaka 1932 ikatoka filamu White Zombie, mwigizaji mkuu akiwa Bela Lugosi, yuleyule aliyeigiza Dracula. Humo zombi bado ana bwana wake anayemtuma kazi. Neno likabaki, uchungu wa watumwa waliolizaa ukaachwa nyuma.

WATU KUMI NA DOLA 600

George A. Romero alizaliwa New York mwaka 1940, akaenda kusoma Pittsburgh na kubaki huko. Yeye na rafiki zake walikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza matangazo ya biashara. Walichoka kurekodi bia na sabuni, wakataka filamu yao. Watu kumi wakachanga dola 600 kila mmoja, ikawa dola 6,000 za kuanzia. Haikuwa likelemba haswa, maana hakuna aliyesubiri zamu yake ya kupokea, lakini roho ni ileile. Kampuni yao wakaiita Image Ten, kwa sababu walikuwa kumi. Baadaye wakatafuta wachangiaji wengine, na filamu ikaisha kwa kama dola 114,000. Kwa Hollywood hiyo ni pesa ndogo sana.

Walirekodi mwaka 1967, karibu na mji mdogo wa Evans City katika jimbo la Pennsylvania. Nyumba unayoiona kwenye filamu ilikuwa nyumba ya shamba iliyosubiri kubomolewa, ndiyo maana waliruhusiwa kuiharibu watakavyo. Filamu ni nyeusi na nyeupe kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Damu ni shira ya chokoleti, maana kwenye picha isiyo na rangi hakuna atakayejua. Nyama wanayokula maiti ni nyama kweli, na mmoja wa waliochangia pesa alikuwa na bucha. Waliotengeneza ndio haohao walioigiza. Karl Hardman alikuwa mtayarishaji, akaigiza baba mkali anayeitwa Harry Cooper, na binti yake wa kumzaa, Kyra Schon, akaigiza mtoto wa Cooper. Maiti wengi walikuwa majirani na marafiki waliojitolea.

Kijana unayesema huwezi kuanza kitu mpaka shirika lilete kamera, hapo pasome mara mbili.

HADITHI YENYEWE

Barbra na kaka yake Johnny wanakwenda kuweka maua kwenye kaburi la baba yao. Mtu anawavamia. Johnny anaanguka na kufa, Barbra anakimbilia kwenye nyumba ya shamba isiyo na watu. Anafika mwanamume mmoja mweusi anayeitwa Ben, naye anakimbia. Ben anaanza kuziba milango na madirisha kwa mbao. Kumbe chini ya nyumba kuna chumba, na humo wamejificha watu watano: Harry Cooper na mke wake Helen, mtoto wao Karen aliyeng'atwa, na vijana wawili wapenzi, Tom na Judy.

Hapo ndipo balaa linapoanza, na silo la maiti. Harry anasema wote washuke chini wafunge mlango, kwa kuwa mlango ni mmoja tu. Ben anasema chini ni mtego, mkivamiwa hamna pa kutokea. Wanagombana usiku kucha. Wanagombania redio, bunduki, na nani awe mkubwa wa nyumba.

Redio mwanzoni inasema kaeni ndani. Baadaye televisheni inasema vinginevyo: nendeni kwenye vituo vya uokoaji, kuna chakula, dawa na ulinzi. Majina ya vituo yanapita kwenye kioo. Vizuri, lakini watafikaje? Gari la Ben halina mafuta ya kutosha na pampu iko nje, katikati ya maiti. Wanajaribu. Mafuta yanamwagika, moto unashika, Tom na Judy wanaungua ndani ya gari. Ben anarudi mbio na kukuta Harry hataki kumfungulia mlango. Anauvunja, kisha anampiga Harry. Mwishoni, maiti wakiwa wanavunja madirisha, wawili hao wananyang'anyana bunduki na Ben anampiga Harry risasi. Chini, mtoto Karen amekufa na kuamka. Anamla baba yake, anamuua mama yake kwa mwiko wa ujenzi. Barbra anavutwa nje na mkono wa kaka yake mwenyewe, Johnny, aliyegeuka.

Ben anabaki peke yake. Anajifungia wapi? Kule chini, mahali alipopakataa usiku mzima. Na anapona hadi asubuhi.

Asubuhi wanakuja waokoaji: sherifu, polisi, mbwa, na raia wenye bunduki. Ben anasikia milio, anapanda juu, anachungulia dirishani. Mmoja wao anamlenga kutoka mbali na kumpiga kichwani. Hakuna aliyeita. Hakuna aliyeuliza. Filamu inamalizikia kwenye picha za mnato, kama za gazeti: mwili wa Ben unakokotwa kwa kulabu na kutupwa kwenye moto pamoja na maiti wengine.

KWA NINI WATU WALITETEMEKA

Sehemu ya Ben haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi. Romero alieleza mara nyingi kwamba Duane Jones alipewa nafasi kwa sababu ndiye aliyefanya majaribio vizuri kuliko wote. Katika mswada, Ben alikuwa dereva wa lori anayeongea ovyo. Jones, mtu aliyesoma na kufundisha, aliyabadilisha maneno yake, na Ben akawa mtulivu anayetumia akili. Katika filamu nzima hakuna anayetaja rangi yake.

Lakini watazamaji walikuwa na macho. Mwaka 1967 miji ya Newark na Detroit ilikuwa imewaka kwa ghasia. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaingia sebuleni kila jioni kwenye taarifa ya habari. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa mjini Memphis. Romero alisimulia kwamba siku hiyo walikuwa garini wakiipeleka filamu New York kutafuta msambazaji, na habari hiyo wakaisikia kwenye redio. Sasa fikiria mtu anayekaa kwenye jumba la sinema miezi sita baadaye, anamwona mwanamume mweusi aliyepambana usiku mzima akiuawa na wazungu wenye bunduki na mbwa. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Kitu kingine, Marekani wakati huo haikuwa na utaratibu wa kuweka umri kwenye filamu. Ulianza tarehe 1 Novemba 1968, mwezi mmoja tu baada ya filamu hii kutoka. Kwa hiyo watoto waliingia wamejaa wakidhani ni muvi ya kutisha kidogo na kuchekesha. Mwandishi Roger Ebert aliandika kwamba katika onyesho la mchana alilohudhuria, watoto walinyamaza kabisa, na msichana mdogo jirani yake alikuwa analia.

KARATASI MOJA ILIYOKOSEKANA

Hapa sisi wakimbizi tutaelewa haraka kuliko wengine. Mwanzoni filamu iliitwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji, kampuni ya Walter Reade, aliamua kubadilisha jina. Wakaondoa kipande chenye jina la zamani, na kwenye kipande hicho ndipo palipokuwa na alama ya hakimiliki. Kwenye kipya hawakuirudisha. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilikuwa ngumu: kazi ikitolewa bila alama hiyo, inakuwa mali ya umma. Basi. Filamu iliyoingiza mamilioni ya dola duniani ikawa haina mwenyewe. Yeyote aliweza kuinakili, kuiuza na kuionyesha, na walioitolea jasho wakaambulia kidogo sana.

Mstari mmoja haupo kwenye karatasi, na haki yako imekwenda. Nani kati yetu hajui hilo? Jina limeandikwa vibaya, tarehe ya kuzaliwa imekosewa, na faili la familia nzima linakwama. Ninyi mnaorekodi nyimbo na video fupi hapa kambini, andikeni majina yenu kwenye kazi zenu tangu siku ya kwanza.

Lakini hasara hiyo ilikuwa na upande wa pili. Kwa sababu ilikuwa huru, filamu ilisambaa kila mahali: vituo vya televisheni, kanda za video, leo intaneti. Ndiyo maana sheria zake zimekuwa sheria za mazombi wote.

WATOTO NA WAJUKUU WAKE

Ajabu ni kwamba kwenye filamu yenyewe neno zombi halitajwi. Romero alikuwa akifikiria viumbe wengine wala maiti, na hadithi yake aliijenga akiwa amevutiwa na kitabu cha Richard Matheson cha mwaka 1954, I Am Legend, kinachohusu wanyonya damu. Watazamaji ndio waliowapa viumbe wake jina la Haiti. Lakini tofauti ni kubwa. Zombi wa Romero hana bwana. Ni jirani yako, ni kaka yako, ni mtoto wako, na wako wengi. Televisheni ndani ya filamu inabahatisha kwamba chanzo ni mionzi ya chombo kilichorudi kutoka sayari ya Zuhura, lakini hakuna anayethibitisha.

Romero aliendelea. Mwaka 1978 alitoa Dawn of the Dead, watu wamejifungia kwenye jengo kubwa la maduka na maiti wanazunguka nje kama wateja. Mwaka 1985 ikaja Day of the Dead. Mwaka 2005, kwenye Land of the Dead, matajiri wanaishi kwenye ghorofa lenye ulinzi, maskini wako chini, na maiti wanaanza kukumbuka kwamba nao waliwahi kuwa watu. Pembeni yake wengine wakachota: Michael Jackson na video ya Thriller mwaka 1983, gemu ya Resident Evil mwaka 1996, 28 Days Later ya Waingereza mwaka 2002, vitabu vya picha vya The Walking Dead mwaka 2003 na sizoni yake kuanzia 2010, Train to Busan mwaka 2016. Mwaka 2011 hata CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilitumia mazombi kufundisha watu kujiandaa kwa majanga: weka maji, dawa, nyaraka zako, na kubalianeni mahali pa kukutana familia ikitawanyika. Ujumbe ulisomwa na watu wengi mpaka tovuti ikazidiwa. Wahudumu mnaohangaika kuwavuta vijana kwenye semina, hilo nalo liwafikirishe.

Mwaka 1999 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Night of the Living Dead kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa faida ya taifa. Duane Jones alikuwa amefariki mwaka 1988. Romero alifariki Toronto mwaka 2017.

SISI TUNAKAA WAPI KWENYE HADITHI HII

Sasa nifike nilipotaka kufika. Kuna mazombi wa siku hizi wanaonitia wasiwasi. Tazama World War Z ya mwaka 2013. Watu waliogeuka wanakuja kama maji, wanapandana juu ya ukuta wa Yerusalemu, hawana sura, hawana majina. Kisha fungua habari uangalie jinsi baadhi ya wanasiasa wanavyowaongelea watu wanaovuka mpaka: wimbi, mafuriko, kundi. Picha ni ileile. Mtu anaweza kutoka kwenye muvi akaingia kwenye taarifa ya habari asione tofauti.

Na tusijifanye wasafi. Juzi lori lilishusha wageni wapya, wamechoka, vumbi hadi kwenye kope, wanatembea kwa kuyumba. Kijana mmoja pembeni yangu akasema, "Hao mazombi wamefika." Watu wakacheka. Aliyesema naye alishuka kwenye lori kama lile miaka michache iliyopita. Neno lililozaliwa na watu waliotekwa na kunyimwa hata kupumzika, leo tunamrushia mama aliyetembea siku nyingi na mtoto mgongoni.

Filamu ya 1968 ina dawa ya hilo, kama tutaitazama hadi mwisho. Yule aliyempiga Ben hakuwa na chuki naye binafsi. Hakumjua. Alikuwa mbali, aliona kitu kinasogea dirishani, na kazi yake siku hiyo ilikuwa kufyatua. Kwa umbali ule hakuna tofauti kati ya maiti na mtu aliyeokoka. Tofauti ingeonekana kama angesogea na kuita. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote, kwa sababu haina uchawi wowote ndani yake.

Kwa wahudumu nasema hivi kwa heshima: tangazo la televisheni lililowaambia watu wale waende kituoni halikuwa la uongo. Kituo kilikuwepo. Ila aliyelitoa hakuuliza nani ana mafuta. Na kwa vijana wenzangu: kuhusu kile chumba cha chini, Harry alikuwa na hoja, na Ben alikuwa na hoja. Walichokosa ni dakika kumi za kukaa chini na kusikilizana. Wazee wetu walishasema, wawili wakipigana, wa tatu ndiye anayefaidi. Usiku ule wa tatu walikuwa maiti.

Filamu ina urefu wa dakika 96 na inapatikana bure kwenye intaneti. Tukikubaliana kuionyesha, naomba mambo mawili. Watoto wadogo wapelekwe kulala kwanza, tusirudie kosa la majumba ya sinema ya 1968. Na mtu aliyeona maiti kwa macho yake huko tulikotoka, akisema hataki kutazama, asichekwe wala kuulizwa kwa nini.

Na lori likija tena, tuwaulize majina.